Maua ya Lesi Nyuma ya Nyumba ya Yordani

Kila asubuhi, kabla hajammiminia mtu chai, Filomena alitoka na chujio mkononi akazunguka nyuma ya nyumba. Alilikung'uta chujio kwenye shina la mmea mmoja, majani ya chai yaliyokwisha kuchemka yakaanguka pale yakifuka mvuke, naye akayatandaza kwa vidole taratibu, kama mtu anayemfunika mwenzake shuka. Kisha alisimama kidogo. Mumewe, Yordani, alikuwa ameshakaa jikoni kwenye kigoda, kikombe kitupu mbele yake, na wala hakumwita. Alikwisha kuzoea kunywa chai iliyopoa.

Mmea wenyewe, ukiupita wakati hauna maua, usingeugeukia mara mbili. Ulikuwa na majani mapana yenye meno pembezoni na vijiti vya rangi ya kahawia, basi. Lakini mvua za vuli zikishika, ulifungua maua ya buluu ambayo watu wa Dindira hawakuwahi kuyaona kwingine ila kwenye bustani ya meneja wa shamba la chai. Kila ua lilikuwa bapa kama kisahani. Katikati palijaa vitumba vidogo vidogo, vimebanana kama punje za ulezi, na kuzunguka pembeni vilisimama viua vikubwa vya petali nne nne, vimeachiana nafasi, kama ncha za kitambaa cha kufuma. Wazungu waliuita mmea huo haidranjia. Watu wa Dindira, waliokwisha kuona vitambaa vya lesi juu ya meza ya kanisani, waliyaita maua ya lesi, na jina hilo likakaa.

Chini ya mmea ule alikuwa amelala Grasiana.

Filomena hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa bondeni, kambi ya mkonge upande wa Korogwe, baba yake akiwa mkata mkonge aliyetoka mbali sana hata jina la kwao watu walilitamka vibaya mpaka yeye mwenyewe akachoka kusahihisha. Yordani alimkuta huko mwaka ule wa Uhuru, aliposhuka na wenzake kwenye sherehe. Walipooana akapanda naye mlimani, na baridi ya Dindira ikampokea kwa kofi. Wiki ya kwanza alishinda amejifunga blanketi mchana kutwa.

"Mke umemtoa wapi, Yordani?" dada yake Yordani, Paulina, aliuliza akicheka. "Anatembea na kitanda!"

"Mwache," Yordani alisema. "Akizoea atalivua."

Akazoea. Akaanza kazi ya kuchuma chai, kikapu mgongoni, na Yordani alikuwa mpogoaji. Kazi ya kupogoa chai ni kazi ya kipupwe, wakati wa baridi, majani yanapokua polepole. Wapogoaji huingia shambani na visu vilivyopinda, wakakata kila mchai mpaka usawa wa goti, bapa kama meza. Mtu mgeni akipita atadhani shamba limepigwa na adui. Lakini ukingoja kidogo vile vigutu hutoa machipukizi laini, mengi kuliko ya mwanzo, na chai huwa imezaliwa upya. Yordani alikuwa na mkono mzuri wa kazi hiyo. Wenzake walimwita Kinyozi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ukimuuliza jambo zito aliangalia kisu chake kwanza.

Grasiana alizaliwa, akakua mpaka umri wa kuanza kutania watu. Alikuwa akimwita shangazi yake "Paulina mwenye kelele", na Paulina akijifanya kumfukuza, wote wawili wakaanguka kwa kicheko. Kisha Filomena akashuka bondeni kumwona mama yake, akarudi na malaria. Homa ikampanda kichwani. Wakambeba kwa machela mpaka zahanati, na huko akalala bila kujitambua, akiongea na watu wasiokuwepo. Ndipo surua ilipoingia Dindira. Ilipita nyumba kwa nyumba, na kwa Yordani ikamchukua Grasiana. Mama hajitambui, maiti haingoji. Yordani akamzika.

Filomena alirudishwa akiwa amekonda, nywele zimepukutika. Aliketi kitandani akaangaza macho chumbani.

"Grasiana yuko wapi?"

Paulina akatoka nje. Yordani alimshika mkono, akamwinua, akamwongoza nyuma ya nyumba mpaka chini ya mgrevilea, ule mti mrefu wa kivuli ambao wenye chai huupanda kati ya mistari. Pale hapakuwa panaota mahindi wala maharage kwa sababu ya mti huo. Palikuwa na tuta dogo la udongo mwekundu.

Filomena hakulia papo hapo. Aliuliza, "Uso wake ulikuwaje?"

"Alikuwa amelala," Yordani alijibu.

Basi. Alimuuliza tena siku nyingine, akamuuliza tena mwaka mwingine, na jibu lilikuwa lile lile, "Alikuwa amelala," kisha Yordani anasimama anakwenda kunoa kisu. Mwishowe Filomena akaacha kuuliza. Na Yordani aliacha kumwita Mama Grasiana. Alimwita Filomena, kama wakati wa uchumba, na kila alipoitwa hivyo mwanamke huyo alihisi kama ananyang'anywa kitu.

Kwa desturi ya kwao Yordani, kaburi huwekewa masale, na Paulina akaja na miche yake akapanda upande wa kichwani. Filomena alimwachia. Lakini siku ile ile alikwenda nyumbani kwa meneja, akamtafuta mzee Habakuki, mtunza bustani, akamwamkia na kumwomba tawi moja la ua la buluu.

"La nini?" mzee Habakuki akauliza.

"La mtoto."

Mzee alichagua kijiti kisichokuwa na ua, akakikata chini ya kifundo, akapunguza majani nusu kwa nusu ili kisikauke, akakifunga kwenye kipande cha gunia bichi. Alikuwa mzee wa maneno mengi, na hata akihuzunika maneno yalimtoka.

"Sikiliza, Mama Grasiana. Ua hili ni kama mgonjwa wa homa. Jua la asubuhi linamfaa, la mchana linamuua. Una mti pale?"

"Kuna mgrevilea."

"Huo huo. Majani yake membamba, jua linapenya vipande vipande. Lakini mizizi ya mti ni walafi, kwa hiyo usisahau kulimwagilia maji. Machicha ya chai usitupe, weka pale chini, buluu itakolea. Majivu usiweke, litageuka rangi."

"Na kupunguza?"

"Kisu weka mbali. Ua likikauka, kata kichwa peke yake, hapa shingoni. Kile kijiti kiache. Ua la mwakani linalala ndani ya kijiti cha mwaka huu, tangu kipupwe limo mle. Ukikata kijiti umemkata na aliyemo."

Filomena alirudi na kijiti chake, akakipanda. Yordani alikuwa shambani. Alipokuja alikiona, akakizunguka, akaingia ndani kula. Kwa miaka yote iliyofuata wale wawili hawakuzungumza juu ya mmea huo. Kuuzungumzia mmea kungekuwa kumzungumzia aliyelala chini yake.

Paulina hakuupenda. "Kaburi ni masale, wifi," alisema. "Hayo maua ya kizungu yatamfanya mtoto asielewe lugha anayosemeshwa."

"Ataelewa."

Siku moja Paulina, kwa kuzoea kumwaga majivu ya jiko pale nyuma, alimwaga karibu na shina. Msimu uliofuata upande mmoja ukatoa maua ya buluu na upande mwingine maua ya waridi. Filomena alikasirika, akamgeuzia mgongo. Paulina alishika kiuno akatazama.

"Haya, wifi, usininunie. Angalia, mwanao kavaa khanga pande mbili tofauti. Si alivyokuwa mtundu!"

Na Filomena, bila kupenda, akacheka. Alicheka mpaka akachutama, na kicheko kikageuka kikawa kilio, na Paulina akachutama naye. Tangu hapo Paulina hakusema tena neno baya juu ya ua lile, na majivu akayapeleka mbali.

Lilipokuja Azimio la Arusha, meneja mzungu akaondoka na mke wake na mbwa wao. Nyumba yao ikawa ofisi. Bustani ikalimwa, ikapandwa kabichi za wafanyakazi, na kabichi zilikubali kweli kweli. Mzee Habakuki alisimama ukingoni akaangalia haidranjia zake zinavyong'olewa, akasema kabichi nazo zina maua ukizingoja. Watu walicheka. Mmea uliobaki Dindira nzima ukawa ule wa nyuma ya nyumba ya Yordani.

Ukawa mkubwa, ukafika kifuani. Vuli ikianza, Filomena alihamishia kazi zake huko. Alichambua mboga pale, alishona pale. Wapita njia walimsikia akinong'ona. Alikuwa anampa mtoto habari: fulani kaolewa, shangazi yako kapata kikohozi, chai imeshika baridi mwaka huu. Yordani naye, akirudi na kumkuta huko, alipita upande wa mbele wa nyumba ili asimkatishe.

Kisha ikaja Operesheni ya vijiji. Kule Handeni ilikwisha kupita, watu walihamishwa kwa malori na habari zake zilifika kwa wasafiri wa Segera. Huku milimani ikaja polepole, kwa mikutano. Nyumba zilizotawanyika mabondeni zitapanda juu ya kilima, karibu na barabara, zikae kwa mistari, kuwe na shule na bomba. Wengi walifurahia bomba. Balozi wa nyumba kumi, Dominiko, aliyekuwa amekua pamoja na Yordani, ndiye aliyepita mlango kwa mlango. Alifika kwao kipupwe kikiwa kimeanza, kofia mkononi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, balozi," Filomena alimjibu. "Kaa. Chai ipo."

"Chai nitakunywa, maana nikishasema nililolijia mtaninyima." Alikunywa, akafuta mdomo. "Nyumba hii imo. Kiwanja chenu kule juu nimekichagua kizuri, hakina mawe."

"Kina mti?" Filomena akauliza.

"Mti? Mama, kimefyekwa safi! Unaona mpaka ng'ambo."

Filomena aliinamisha kichwa. Yordani aliangalia kisu.

"Balozi," Filomena alisema, "mimi sikatai kuhama. Nipe mpaka vuli. Maua yafunguke mara moja, niyaone, nimuage mtoto. Alipokufa sikumuaga. Nikishamuaga safari hii nitabeba mzigo wangu nitapanda, hutanisikia."

Dominiko alizungusha kofia. Alikuwa na watoto wake wawili waliokwenda na surua ile ile.

"Nitaandika kwamba mnangoja kuvuna," alisema mwishowe. "Lakini mkinivusha vuli, Mama, mimi sitakuwa balozi tena, nitakuwa mahabusu."

"Sitakuvusha."

Yordani alimtazama mkewe kwa mshangao, kama mtu aliyesikia redio ikilitaja jina lake. Kumbe miaka yote hiyo mkewe alikuwa anangoja kuaga.

Haikupita muda mrefu, habari ikaja kutoka bondeni kwamba mama yake Filomena ameanguka, upande mmoja umelegea. Filomena akafunga mzigo. Asubuhi ya kuondoka alikung'uta chujio lake, akagusa vijiti kimoja kimoja. Kwenye ncha ya kila kijiti palikuwa na kitumba kinene, kijani, kimefumbwa kama ngumi ya kitoto kichanga. Alifurahi. Akamgeukia Yordani aliyekuwa amemshikia mzigo.

"Nitunzie ua langu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha Yordani juu ya ua hilo.

"Nitalitunza," Yordani alisema, na ilionekana wazi kwamba neno hilo limemwingia.

Filomena alikaa bondeni mpaka mama yake akaanza kushika kijiko mwenyewe. Joto la kule alikuwa amelisahau, alilala akijipepea. Kila jioni mama yake alimwuliza kwa ulimi mzito, "Utabaki?" naye alijibu, "Nina mgeni anakuja vuli, mama. Nikishamuaga tutaona." Mama hakuelewa, akakubali.

Aliporudi Dindira kipupwe kilikuwa kinaisha. Hakuingia ndani. Aliweka mzigo ukumbini, akazunguka nyuma.

Mmea ulikuwa umekatwa usawa wa goti, bapa kama meza. Kila kigutu kilikuwa na mkato mmoja wa mshazari, safi, bila kuchanika, kazi ya mkono mzuri. Matawi yaliyokatwa yalikuwa yamelazwa chini kuzunguka shina, ncha zote upande mmoja, kama yanavyolazwa kwenye chai ili yaoze yarutubishe udongo. Samadi ilikuwa imetiwa. Magugu yaling'olewa yote. Hata masale ya Paulina yalikuwa yamesafishwa majani makavu.

Yordani alitokea jikoni akijifuta mikono, uso wake umefunguka kuliko Filomena alivyouona kwa miaka.

"Umerudi. Umeona? Nimelitunza. Lilikuwa limezeeka, vijiti vimekuwa vigumu. Nimelifanya kama chai ya mwaka wa tatu. Vuli ikinyesha tu, litatoa mara mbili."

Filomena alichutama, akaokota kijiti kimoja kutoka kwenye lile tandiko. Kitumba cha nchani kilikuwa kimekauka kikawa cheusi. Alikipasua kwa ukucha. Ndani, katikati ya vijani vilivyokunjana, palikuwa na kitu kidogo kama punje za ulezi zilizobanana. Alimwonyesha kwenye kiganja.

"Hii ni nini?"

Yordani aliinama akaangalia. Alikuwa mtu wa mimea, hakuhitaji kuelezwa. Uso wake ukajifunga.

"Litachipua," alisema. "Chai huchipua."

"Si chai, Yordani."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Wakamwita mzee Habakuki, maana kukata tamaa bila kumwita fundi si kawaida. Mzee alifika na fimbo yake, akazunguka mmea, akaanza kwa utani kama desturi yake: "Ah, Kinyozi, hapa umenyoa mpaka—" kisha akamwona Filomena. Akavua kofia.

"Halijafa," alisema. "Litatoa majani mazuri sana. Maua ni mwakani."

"Hakuna chochote mwaka huu, mzee? Hata moja?"

"Mama Grasiana, nikuambie uongo?"

Lakini mtu haachi kutazama. Machipukizi yalipotoka, mengi, laini, kama Yordani alivyosema, Filomena alikuwa pale kila siku akifunua ncha kwa kidole. Yordani naye alikwenda akiwa peke yake. Kila aliyekwenda alirudi bila kumwambia mwenzake. Vuli ikanyesha. Majani yakapanuka, yakang'aa, mmea ukavimba wote ukawa kijani kizito cha kupendeza, na ndani ya kijani kile hapakuwa na chochote. Kule juu ya kilima nyumba zikaanza kusimama kwenye mistari yake. Paulina alihama, akawa anashuka kuwaletea habari za bomba: limefungwa, limetoa maji, limeacha. Dominiko alishuka mara moja, akauangalia mmea kwa mbali, akarudi bila kupiga hodi. Aliposhuka tena alikuwa na mgambo, na hakukaa.

"Kesho, Yordani. Nimeongeza nilivyoweza. Kesho wanatoa mapaa."

"Tumesikia."

Jioni ile, kabla jua halijazama, Yordani alimkuta Filomena amekaa chini ya mgrevilea. Safari hii hakupita mbele ya nyumba. Alikuja, akasimama.

"Kigutu kimoja nitakichimba na udongo wake," alisema. "Tutakipanda kule. Nitakijengea kivuli cha majani ya migomba."

"Kigutu cha nini? Mtoto anabaki hapa."

"Filomena..."

"Kila kitu changu unakizika nisipokuwepo." Hakupandisha sauti. "Mtoto sikuwepo. Ua sikuwepo. Narudi nakuta pamefagiliwa, pamesafishwa, wewe umesimama pembeni. Nikikuuliza uso wake, unaniambia amelala. Sijui kama alilia. Sijui kama aliniita. Nilitaka angalau ua lifunguke nilitazame usoni nijidanganye kuwa ni yeye. Hilo tu, Yordani."

Yordani aliketi. Hakuwa na kisu mkononi, na mikono yake haikujua pa kukaa. Alianza kusema akiangalia chini, polepole, na maneno yalimtoka kama yanavuliwa kwenye miiba.

"Alikuita. Siku ya kwanza alikuita sana. Ya pili akawa anaita 'Paulina mwenye kelele', lakini sauti haipo, anatikisa mdomo tu, na dada akawa anacheka ili yeye afurahi. Kisha akanyamaza. Nilikuwa nimempakata. Jicho moja lilifumba lenyewe. Jingine nililifumba mimi. Vipele vilikuwa vimeanza kukauka, uso ulikuwa umerudi mzuri, isipokuwa hapa, kidevuni. Nilimfunga kwenye ile khanga yako ya harusi. Watu walitaka kuchimba, nikakataa, nikachimba mwenyewe. Nilimchagulia hapa kwa kuwa hakuna atakayelima."

Filomena alikuwa amemgeukia, machozi yakimtiririka bila sauti. Alikunywa kila neno. Alitaka ayarudie yote, kidevu, jicho, khanga. Miaka alikuwa akikung'uta machicha ya chai kwenye shina, akinong'ona na majani, na alichokitafuta kilikuwa jikoni, kwenye kigoda, mbele ya kikombe kitupu.

"Ulikuwa nao," alisema. "Uso wake. Ulikuwa nao wewe siku zote."

"Nilikuwa nao."

"Kwa nini ulininyima, Baba Grasiana?"

"Nilidhani nikinyamaza utapona haraka," Yordani alisema. "Chai ukiikata ukaiacha..."

Walikaa pale mpaka giza likawafukuza. Aliyewaona kwa mbali angedhani ni watu waliopatana, na kwa namna fulani walikuwa wamepatana. Filomena hakuwa na hasira naye tena. Hilo ndilo lililomtisha. Alichungulia ndani mwake akakuta lile lililokuwa likimshikilia Dindira, lile la kungoja, limekwisha. Uso wa mtoto alikwisha kupewa. Kuaga alikwisha kuaga, akiwa amekaa pale bila ua hata moja. Na kule juu kwenye mstari alijaribu kuiona nyumba, kigoda, Yordani amenyamaza upande ule na yeye upande huu, na hakuweza kujiona ndani yake.

Asubuhi watu walikuja kusaidia. Yordani alipanda juu ya paa akawa anafungua bati moja moja na kuwashushia. Paulina alifunga vyombo kwenye shuka, akihesabu kwa kelele kila alichokiona kimevunjika. Dominiko mwenyewe alibeba kinu. Njia ya kupanda ilijaa watu wenye mizigo kichwani, wanataniana, wanapumua.

Yordani alishuka, akang'oa mlango, akajitwika mgongoni.

"Natangulia na huu," alimwambia mkewe. "Utakuja na taa?"

"Taa amechukua Paulina," Filomena alisema.

Alimtazama akipanda, mlango umemfunika mgongo wote, miguu tu inaonekana chini. Kisha alichukua khanga yake na kibuyu cha maji, akavitia kwenye kikapu. Alitoka uani, na pale njia inapogawanyika akafuata ya kushuka.

Paulina alimwona kutoka juu. "Wifi! Wewe! Kijiji ni huku!"

"Nimesikia, wifi," Filomena alimjibu, na akampungia mkono vizuri, kama mtu anavyompungia anayempenda.

"Unakwenda mtoni? Maji yapo huku, bomba limetoa leo!"

Filomena alishuka katikati ya mistari ya chai, kikapu kikimgonga mgongoni, akikwepa utelezi. Mbele yake ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na jua lilikuwa limeanza kuupasua. Yordani alifika juu, akautegemeza mlango kwenye nguzo ya nyumba mpya, akageuka kumsubiri. Filomena alikata kona ya mwisho ya shamba, njia ya Korogwe, na Dindira hakurudi.